Kuongoza Kundi Porini Kanda ya Kati: Pima Safari kwa Mtu wa Nyuma

Kijana akiniambia ameongoza kundi porini na safari imefanikiwa, humuuliza swali moja: mtu wa mwisho alifika saa ngapi, na alifika akiwa na hali gani? Wengi hawana jibu. Wanajua wa kwanza alifika kileleni saa ngapi, na picha zake wanazo. Yule wa nyuma, mama wa ofisini aliyekuwa akipanda huku ameshika kiuno, hawakuwa na habari naye mpaka alipotokea kwenye gari jioni. Mimi naamini safari ya kuongozwa hupimwa kwake yeye. Akirudi mzima, akawa amekiona alichokuja kukiona, kisha akauliza mwezi ujao mnakwenda wapi, hapo umeongoza.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupeleka watu kumi hadi ishirini kwa matembezi ya siku moja au mbili katika milima na mapori ya Dodoma na majirani zake. Nimeandika zaidi nikiwa na milima ya Irangi kichwani, upande wa Kolo wilayani Kondoa, kwa sababu ndiko ninakokwenda mara nyingi na ndiko nilikojifunzia mengi.

Hatua ya kwanza: chagua njia baada ya kuwajua watu

Makosa mengi huanzia hapa. Mtu anaona picha ya mlima Hanang, anaipenda, anatangaza safari, ndipo anaanza kutafuta watu. Geuza mpangilio. Jua kwanza nani anakuja, hasa nani dhaifu zaidi, kisha mtafutie yeye njia.

Kwa kundi ambalo halijawahi kutembea pamoja, anza na vilima vya mjini Dodoma na pembezoni mwake. Saa mbili za kupanda na kushuka zitakuonyesha nani ana pumzi, nani ana viatu vibovu na nani hasikii maelekezo. Baada ya hapo unaweza kwenda Kolo kwenye michoro ya miambani, ambako kutembea ni kwa wastani lakini kuna vipande vyenye mwinuko mkali. Milima ya Kiboriani juu ya Mpwapwa inadai miguu iliyozoea kidogo. Pori la Akiba Swagaswaga ni habari nyingine kabisa: kule kuna wanyama wakubwa, liko chini ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, na usithubutu kuingiza watu kwa miguu bila askari wa wanyamapori mwenye silaha.

Hanang, mkoani Manyara, uweke mwisho. Una zaidi ya mita 3,400, juu kuna baridi na upepo, watu wengine huumwa kichwa kwa sababu ya mwinuko, na maji inabidi uyapandishe mwenyewe toka chini. Tena kumbuka tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa ilipoporomosha tope na mawe toka mlimani hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakafariki. Ule mlima unahitaji heshima, na wenyeji wake wanahitaji kuonewa huruma. Usifike pale ukaanza kuuliza habari za maporomoko kana kwamba ni kivutio.

Hatua ya pili: msimu, halafu saa

Mvua za huku kwa kawaida huanza Desemba na kwisha Aprili. Mwezi wa Juni, Julai na nusu ya kwanza ya Agosti ndiyo miezi mizuri: anga safi, mchana unavumilika, usiku baridi kiasi cha kutaka sweta. Mei mandhari ni ya kijani na inavutia, lakini nyasi bado ziko kiunoni, kupe ni wengi na huoni unakokanyaga. Kuanzia Septemba nyasi zimekauka na moto wa porini unakuwa hatari ya kweli. Oktoba na Novemba jua ni kali mno. Mimi sipeleki kundi geni miezi hiyo, hata wakinilipa zaidi.

Ukienda wakati wa mvua, ogopa mito ya mchanga. Kanda ya kati imejaa makorongo ambayo miezi minane ni mchanga mtupu, mtu anapita na baiskeli. Mvua ikinyesha milimani, mbali na ulipo, maji huja kwa kishindo hata kama juu ya kichwa chako jua linawaka. Usipumzishe watu kwenye korongo, usiegeshe gari humo, na maji yakishafika magotini na yanakwenda kasi, subirini. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Kuhusu saa: panga mguu wa kwanza uanze saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana kundi liwe kivulini au liwe limeshamaliza. Toka Dodoma mjini hadi Kolo ni kama kilomita 180 za lami, kwa hiyo mkiondoka alfajiri mtaanza kutembea jua likiwa limeshapanda. Laleni Kondoa au palepale Kolo. Gharama ya usiku mmoja wa nyumba ya wageni ndiyo inayokununulia saa nne za baridi asubuhi.

Hatua ya tatu: itembee njia mwenyewe

Simu haitoshi, wala maelezo ya mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita. Nenda wiki mbili kabla, na mtu mmoja anayeijua njia. Andika kwenye daftari: kivuli kiko wapi, mtandao unapatikana wapi na unakatika wapi, gari linaweza kusogea karibu hadi wapi, njia panda ziko ngapi, na ni wapi mtu akivunjika mguu anaweza kubebwa hadi barabarani. Hili la mwisho ndilo watu husahau. Ukishaliandika, utaiangalia njia yako kwa macho mengine.

Kisha piga hesabu ya muda. Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo wapandaji bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 12 yenye mita 600 za kupanda itakuwa saa tatu na dakika kama 24. Lakini ile ni kanuni ya Uskoti, kwa watu wazoefu na hewa ya baridi. Kwa kundi la wageni kwenye jua la Kondoa, mimi huzidisha mara moja na nusu, napata saa tano, kisha naongeza muda wa kula na kutazama. Ukiona hesabu inazidi saa saba kwa jumla, ifupishe njia. Jua huku huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu hivi na saa moja hivi, na likizama giza halikawii.

Hatua ya nne: ruhusa, na mwenyeji wako

Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Michoro ya Kondoa ni mali ya kale inayolindwa na serikali, na imeandikwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Ofisi ipo Kolo, kando ya barabara kuu ya kwenda Babati. Pale ndipo unapolipia na kupewa mwongozaji. Misitu ya hifadhi ya serikali, pamoja na Hanang, ni ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Mapori ya akiba ni ya TAWA. Malipo ya serikali yana namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi. Mtu akitaka umpe mkononi bila karatasi, mwambie kwa upole kwamba utalipia ofisini.

Halafu kuna ruhusa isiyoandikwa popote. Njia zetu zinapita kwenye mashamba na malisho ya watu. Mtafute mtendaji wa kijiji, mpe barua fupi yenye idadi ya watu, tarehe na njia, na umwombe amjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Usilione hili kuwa usumbufu. Tangu serikali ihamie Dodoma kwa vitendo mwaka 2016, ardhi imepanda thamani, na mgeni anayesimama mlimani akitazama kifaa mkononi huonekana ni mpimaji aliyekuja kuchukua viwanja. Upande wa Kondoa kuna na jambo jingine: wapo watu wanaochimba miambani wakitafuta mali wanazoamini zilifichwa na Wajerumani, na wanakijiji wamechoka nao. Ukitokea na kundi lenye mabegi makubwa bila kujitambulisha, usishangae ukizingirwa.

Mwongozaji mwenyeji ni wa lazima hata kama njia unaijua. Wewe unawajua watu wako. Yeye anajua mzinga wa nyuki umehamia wapi, shamba gani limelimwa juzi, na mzee gani hupenda kusalimiwa kabla ya kupita. Mpe heshima yake. Usimkatize anapoeleza, usimgeuze mbeba mizigo, na bei mkubaliane mapema mbele ya mtu wa tatu. Warangi, wenyeji wa Kondoa, wengi ni Waislamu: Ijumaa mchana atataka kuwa msikitini, na mwezi wa Ramadhani usimpandishe mlima saa saba huku ninyi mnakunywa maji mbele yake. Nimeona kundi likifanya hivyo. Yule mzee hakusema neno, ila siku iliyofuata hakuja.

Wafundishe watu wako kusalimia. Kwa Wagogo, neno moja la “mbukwenyi” hufungua uso wa mtu aliyekuwa amekunja ndita. Kwa mzee yeyote wa huku, shikamoo ije kwanza, picha baadaye, na picha kwa kuomba.

Hatua ya tano: mpigie kila mtu simu

Usiulize habari za afya kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna atakayeandika pale kwamba ana kifafa au kwamba ana mimba ya miezi mitatu. Piga simu, mmoja mmoja, siku tano kabla. Uliza pumu, sukari, presha, kifafa, moyo, magoti, na kama alishawahi kuumwa na nyuki akavimba sana au akashindwa kupumua. Uliza dawa anazotumia na nani apigiwe likitokea jambo. Mwambie hutamtangaza, na kweli usimtangaze.

Katika simu hiyo mweleze safari ilivyo bila kuipamba. Sema ni saa tano za kutembea, kuna kipande cha nusu saa ambacho mtu atashika mawe kwa mikono, hakuna choo. Watakaojitoa wakisikia hayo, waache wajitoe kwa amani. Kuna dada mmoja aliniambia kwenye simu kwamba anaogopa sehemu za juu. Nilimpangia akae karibu na mwongozaji, nikamwonyesha mapema mahali pa kubaki kivulini na mwenzake kama angeshindwa. Alipanda hadi juu. Kama ningelijua hilo mlimani, mbele ya watu, sidhani kama angepanda.

Hatua ya sita: maji

Mtu anayetembea kwenye joto la huku anahitaji nusu lita kwa saa, na jua likiwa kali hukaribia lita nzima. Kwa saa tano panga lita nne kwa kila mtu, ukihesabu na akiba. Watu 15 ni lita 60, sawa na madumu matatu ya lita ishirini, na kila lita moja ni kilo moja mgongoni mwa mtu. Mgawo wangu ni huu: kila mmoja abebe lita tatu, na zilizobaki zitangulie. Siku moja kabla, peleka dumu kwa bodaboda hadi kwenye kaya iliyo katikati ya njia, uwaombe wenyeji wakuhifadhie, na uwaachie kitu cha shukrani. Usifiche dumu kichakani. Mchungaji mwenye kiu hana kosa akiliona akanywa.

Usitegemee maji ya njiani. Visima vingi vya kanda hii vina maji ya chumvi, na baadhi ya sehemu za kuelekea Singida na Hanang yana madini ya floridi, ambayo kuchemsha hakuyaondoi. Maji ya korongo au bwawa, mkilazimika, yachujwe kwa kitambaa kisafi kisha yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini na kusubiriwa muda ulioandikwa kwenye pakiti.

Maji bila chumvi nayo yana hatari yake. Mtu anayetoka jasho saa nyingi na kunywa maji matupu kupita kiasi hupata kichefuchefu na kizunguzungu, na wenzake humwongezea maji wakidhani ni kiu. Kwa hiyo kila mapumziko watu wale kitu: karanga zilizokaangwa kwa chumvi, viazi vitamu vya kuchemsha, mayai, ndizi, ubuyu. Beba paketi za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi vinafanya kazi ileile.

Hatua ya saba: mavazi na begi

Hapa sitakaa sana. Suruali ndefu na mikono mirefu, kwa sababu ya miiba ya migunga na jua, kofia pana, viatu vilivyovaliwa angalau wiki mbili kabla, kwani kiatu kipya ni malengelenge. Epukeni nguo nyeusi na za bluu iliyokolea kwenye mapori yenye mbung'o, rangi hizo huwavuta. Manukato yabaki nyumbani.

Begi la kiongozi liwe na bandeji pana mbili, plasta, kibano cha kutolea miiba, dawa ya maumivu, dawa ya mzio, filimbi, tochi ya kichwa hata kama ni safari ya asubuhi, kanga moja (inafunga mkono, inabeba mtu, inatengeneza kivuli), betri ya akiba ya simu, na karatasi yenye majina na namba za ndugu. Karatasi kama hiyo iache pia kwa mtu aliyebaki mjini, pamoja na saa ambayo asipokusikia aanze kutafuta msaada. Namba ya dharura ni 112, na ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hatua ya nane: maneno ya asubuhi

Kabla ya hatua ya kwanza, wasimamishe duara. Dakika kumi zinatosha. Mwongozaji mwenyeji aseme kwanza, maana ni kwake. Wewe ufuate na mambo machache: tunakwenda wapi, tutageuka saa ngapi, nani yuko mbele, nani yuko nyuma, filimbi tatu maana yake nini. Kundi likitaka kuomba dua, lipewe nafasi.

Kisha sema waziwazi habari ya kuchimba dawa. Watu wazima huona haya, hukaa na haja saa tatu, huacha kunywa maji ili wasihitaji kutoka njiani, na wanawake ndio huumia zaidi. Utaratibu wetu: wanawake upande wa kushoto wa njia, wanaume kulia, na anayetoka aache begi lake njiani. Mlinzi wa nyuma akikuta begi hapiti, anasubiri kwa mbali. Kwa njia hiyo hakuna anayeachwa na hakuna anayelazimika kutangaza.

Hatua ya tisa: mwendo

Mbele awe mwongozaji mwenyeji. Nyuma kabisa awe mtu wako mzoefu kuliko wote, ambaye hampiti yeyote, kwa sababu yoyote. Wewe mwenyewe usiwe na nafasi maalumu. Tembea katikati, rudi nyuma, sogea mbele, tazama nyuso.

Wale walio polepole wawe karibu na mwongozaji, na wenye nguvu wakae nyuma. Ukifanya kinyume, mambo huwa hivi: wenye nguvu wanatangulia, wanafika kwenye kivuli, wanapumzika dakika kumi, wa nyuma anafika anahema, na papo hapo wote wanasimama, “haya twende.” Aliyechoka zaidi ndiye hapumziki kabisa. Nimeiona safari baada ya safari, na siku nzima ya mtu huharibika bila yeyote kuwa na nia mbaya. Mapumziko yaanze kuhesabiwa mtu wa mwisho anapokaa chini.

Mwendo sahihi ni ule ambao watu wanaweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Mazungumzo yakikoma nyuma, umekwenda kasi. Simameni dakika tano kila dakika 40, na wakati wa kupanda kila dakika 20. Kila mkisimama hesabu watu kwa sauti, kila mmoja na namba yake. Mtu akisema kiatu kinamwashamwasha, simamisha kundi na ubandike plasta hapohapo, kabla lengelenge halijatoka.

Na usiijaze safari kwa mwendo mtupu. Mbuyu wenye vigingi vya mrina asali kwenye shina lake unastahili dakika kumi za hadithi. Mabonde ya Kondoa yaliyokuwa makorongo mekundu ya mmomonyoko, ambako mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979 ili ardhi ipone, yanaonekana vizuri toka juu. Mwombe mwongozaji awaeleze wazazi wake waliishije kipindi kile. Watu husahau kilomita walizotembea. Hilo hawatalisahau.

Hatua ya kumi: hatari ninazozihofia

Wageni huuliza simba. Mimi nahofia nyuki na joto.

Nyuki wanaishi kwenye matundu ya mibuyu na nyufa za miamba, na kanda hii ni ya asali. Mkisikia mvumo mzito au mkaona wanaingia na kutoka kwenye mwamba, nyamazeni na mzunguke mbali. Nyuki anapouma huacha harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, nayo ndiyo inayowaita wenzake. Kwa hiyo anayeua nyuki mmoja kwa kofi ameita mzinga. Wakishambulia, kimbieni, moja kwa moja, bila kupunga mikono, uso umefunikwa kwa nguo, angalau mita mia kadhaa au hadi ndani ya gari. Msijitupe kwenye maji, watawasubiri. Mkishakuwa salama, toeni miiba upesi kwa kukwangua. Aliyevimba midomo au anayehema kwa shida aende hospitali dakika hiyo.

Nyoka wa kumfikiria zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala njiani akifanana na majani makavu. Anayetangulia apige ardhi kwa fimbo, na hakuna kutia mkono kwenye ufa usioonekana ndani. Mtu akiumwa: mkalishe, mvue pete na saa, ufunge kiungo kwa ubao kama aliyevunjika ili kisitikisike, na mbebe hadi kwenye gari. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba, wala msipoteze muda kumsaka nyoka. Swila akitema machoni, osheni kwa maji mengi dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Utomvu wa minyaa nao huoshwa hivyohivyo; ile miti ya uzio ina maziwa yanayoweza kuumiza jicho vibaya.

Joto halina sauti, na hapo ndipo lilipo kosa langu kubwa. Ilikuwa Oktoba, upande wa Mpwapwa. Gari lilichelewa kwa muda wa saa mbili, nami sikukata njia kwa sababu watu walikuwa wamelipa na walitaka kilele. Saa nane mchana kijana mwenye nguvu kuliko wote, aliyekuwa akiwabebea wenzake mabegi, alianza kujibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Nilidhani anatania. Nilipomgusa ngozi ilikuwa kama jiwe la jikoni. Tulimlaza kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji karibu yote tuliyokuwa nayo kichwani, shingoni, kwapani na kwenye mapaja, tukampepea kwa kanga. Aliinuka, akafika hospitali, akapona. Nashukuru Mungu kila nikilikumbuka. Shika dalili hizi: anayechanganyikiwa, anayepepesuka, aliyeacha ghafla kulalamika, mwili wa moto. Mpoze kwanza kabla hujaanza kumbeba, na usimnyweshe kitu kama hajielewi.

Baada ya siku ile nilianza kuandika saa ya kugeuka kwenye kiganja kwa kalamu ya wino. Kwa Kolo ni saa tano asubuhi. Ikifika saa tano, popote tulipo, tunageuka, na watu wote walishaambiwa hivyo asubuhi kwenye duara. Kilele kikiwa dakika ishirini mbele, tunageuka. Ukiwaambia asubuhi, hakuna ugomvi. Ukiwaambia mlimani, utakuwa unajadiliana na watu 15 wenye hamu.

Hatua ya kumi na moja: mkifika

Pale Mungomi wa Kolo, moja ya miamba yenye michoro, wape watu dakika za kukaa kimya kabla ya simu kutoka mfukoni. Macho huchukua muda kuiona michoro: mara ya kwanza unaona madoa mekundu, baada ya dakika tano unaona watu wembamba wenye nywele kubwa, twiga, tembo. Mingi ya mekundu ni ya zamani zaidi, inahusishwa na wawindaji. Ile meupe ilikuja baadaye na wakulima. Mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aliinakili michoro ya Kondoa miaka ya 1950.

Usiguse, usimwagie maji ili rangi ziwake kwenye picha, usiegemee mwamba. Na eleza mapema kwamba mahali hapa bado pana kazi: wenyeji hufika kuomba mvua na tiba. Mkikuta kitu kimeachwa pale, msikisogeze. Mkikuta watu wako katika shughuli yao, kaeni chini kwa mbali, subirini, au rudini. Kundi langu moja lilisubiri saa nzima. Wazee walipomaliza walitukaribisha wenyewe, na mmoja alikaa nasi akatueleza alivyoletwa pale na babu yake.

Hatua ya kumi na mbili: kushuka na kufunga kazi

Watu wengi huanguka wakishuka, magoti yamechoka na akili imeshafika kwenye chakula. Fupisha hatua, punguza mwendo, na mlinzi wa nyuma asibadilishwe. Takataka zote zishuke, na maganda pia. Maganda ya machungwa hukaa muda mrefu sana kwenye ukame huu, na mbuzi hula mifuko ya plastiki wakafa.

Kwenye gari hesabu tena kwa namba. Mpigie yule aliyebaki mjini umwambie mmetoka. Mlipe mwongozaji mkononi mwake, kiasi mlichokubaliana, mbele ya kundi, kila mtu amshukuru. Mpitie mtendaji au mwenyekiti, hata kwa dakika mbili, umwambie wageni wake wametoka salama.

Kesho yake, kabla ya kuweka picha popote, mpigie simu yule aliyekuwa wa mwisho. Muulize miguu inaendeleaje, amelala vipi, ni wapi alipata shida ambapo hukumwona. Andika majibu yake kwenye lile daftari la njia, karibu na ulipoandika kivuli na mtandao.